Mashua Iliyolishwa kwa Waya

Baba yake Mashimba hakumsamehe mwanawe hadi anaingia kaburini. "Umeuza ng'ombe wanaozaa," alimwambia mbele ya ukoo mzima pale Nyashimo, "ukanunua ng'ombe wa mbao. Huyo tutamkamua nini? Maji?" Watu wakacheka. Mashimba naye akacheka, na kesho yake akachukua rangi nyeupe akaandika ubavuni mwa mashua yake: NZAGAMBA, yaani fahali. Alisema kama mzee anataka ng'ombe, huyo hapo, aje amfunge kamba.

Watu wa mbali hudhani Msukuma na maji havijuani. Hawajafika upande wa Busega, ambako mkoa wetu wa Simiyu umechovya mguu mmoja ziwani. Lakini ni kweli kwamba manahodha wa enzi zile walikuwa Wakerewe na Wajita, na kijana wa Kisukuma aliyeshika usukani alikuwa kituko. Mashimba alilelewa akichunga. Tanga aliliona kwa mara ya kwanza akinywesha ng'ombe mwaloni Lamadi, mashua zinapotia nanga, akasimama kulitazama hadi ng'ombe wakaingia kwenye mihogo ya watu. Alichapwa kwa kosa hilo. Siku iliyofuata alisimama palepale.

Nilimjua nikiwa mpima pamba kwenye ghala la ufukweni. Shule yangu iliishia darasa la nne, mengine nilijisomea mwenyewe kwa kibatari, na siku hizo hilo lilitosha mtu kuaminiwa mizani. Magunia ya pamba yaliondoka kwa tanga, na mtama, na dagaa wakavu. Ulimsikia nahodha kabla hujaiona mashua, maana kila mmoja alikuwa na wimbo wake. Mashimba aliimba nyimbo za kulima kwa sababu za majini hakuzijua, na mabaharia wake wakamwitikia kana kwamba wameinamia majembe. Leo ghala lile ni banda la kuonyesha mpira. Wimbo unaosikika ni wa spika.

Mkewe Minza alimtoa Ukerewe, akamleta kwa Nzagamba. Upepo ukafa katikati ya ziwa, huku Nyashimo wakwe wanangoja na mbuzi wamekwishachinjwa. Bibi harusi akasinzia kichwa kikiwa juu ya fundo la kamba. Alipoamka aliuliza, "Tumefika?"

"Kwangu tumefika," Mashimba akamjibu. "Kwako bado."

Minza alilisimulia jambo hilo maisha yake yote, kila alipotaka kumfanya mumewe aone haya mbele ya wageni.

Sitaeleza kwa urefu jinsi kazi ya tanga ilivyokufa, kwa kuwa nikianza nitatukana. Zilikuja injini za mkia, ikaja lami ya kwenda Mwanza, yakaja malori. Kijana wa Lamadi leo hajui upepo wa alfajiri unatoka nchi kavu na wa alasiri unatoka ziwani. Muulize bei ya petroli, hiyo anaijua. Mashimba aliendelea na mzigo mdogomdogo, kuni, matikiti, msiba wa mtu asiye na nauli, hadi mizigo yenyewe ikaona haya kupanda mashua yake. Mwishowe akawa anatweka tanga kwa ajili ya Minza tu, kumpeleka kusalimia kwao.

Kisha Minza akapata kisukari, kile cha sindano. Kila alfajiri ilimbidi ajichome dawa, na dawa ile haitaki joto. Muuguzi wa zahanati, Generoza, mwanamke mwenye akili, aliwafundisha kuitunza bila umeme. Chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga katikati, kitambaa kibichi juu, mahali penye kivuli na upepo. Mchanga usikauke. Kazi ya kuumwagia maji ikawa ya Mashimba, asubuhi na jioni.

"Baba alitaka nichunge," aliniambia akiinamisha kata. "Ndio hawa, wawili, wa udongo. Nawanywesha."

Nilishika kichupa kilichotoka mle. Kilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Minza alinenepa kidogo, akarudi shambani, akarudi kumtania mumewe. Hali ilikuwa hivyo, na ingeweza kuendelea kuwa hivyo.

Mwana wao Danford alirudi kutoka Bariadi. Si kijana mbaya. Alikuwa na kibanda cha kuchajia simu karibu na stendi, kikavunjwa wakati barabara inapanuliwa, naye akarudi nyumbani kwa wazazi wake, hatua chache kutoka mwaloni Lamadi, na wazo kichwani, friji na runinga zikimfuata nyuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, ng'wanawane. Mhola?"

"Mhola. Dawa ya mama iko wapi?"

"Kwenye chungu."

"Chungu! Baba, hiyo ni dawa au togwa?"

"Generoza ndiye aliyesema."

"Alisema kwa sababu hamkuwa na friji. Sasa friji ipo."

"Ipo wapi? Sioni."

"Inakuja kwa gari. Shida ni pa kuiweka. Hapa nyumbani nguzo hazijafika, zimeishia mwaloni, na mwaloni kila chumba kimepangishwa." Danford akapunguza sauti, kama mtu anayemsogelea ndama. "Ila Nzagamba haijapangishwa."

Wazo lake lilikuwa hili. Mashua itie nanga karibu na ufuko, ijengewe paa la bati na meza. Waya utolewe kwenye soketi ya ofisi ya mwalo, upite juu ya miti hadi ndani ya mashua. Humo friji, runinga, taa na redio. Watu wanaopita kwenda kuona wanyama, na wenyeji wenye hamu ya kukaa majini bila kwenda popote, watakunywa soda ya baridi na kula sangara. Na dawa ya mama itakaa humohumo, kwenye friji, kama dawa za watu wengine duniani.

Kwa siku kadhaa Mashimba alikwenda kuitazama mashua yake. Mashua iliyolishwa kwa waya haiendi. Nilimwambia akatae. Alinijibu kwamba yeye hana cha kumpa Minza isipokuwa mashua, na kama mashua ikisimama ndiyo inamfaa zaidi, basi isimame. "Ilimleta," alisema. "Ngoja sasa imtunze."

Nilikuwepo siku ya kuunganisha. Fundi alikuwa Athanasi, kijana wa Maswa, mcheshi, mwenye bisibisi sikioni kama kalamu. Waya alioununua Danford haukufika. Ukaongezwa kipande kingine chembamba, na pale vilipoungana Athanasi akapaviringisha utepe mweusi, akapachomeka chini ya ubao wa mbele.

"Hiki kiungo sikipendi," alisema. "Tafuteni waya mmoja mnene, mzima."

"Msimu ukiisha nitanunua," Danford akasema.

"Sawa, bosi. Na jambo la pili. Mashua yenye umeme wa nchi kavu isizunguke. Ifungeni mbele na nyuma, itulie kama kitanda. Ikizunguka, waya nao unazunguka, na waya ukichoka unakatika ndani kwa ndani. Nje huoni kitu."

Mashimba alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni. Aligeuka. "Ifungwe mbele na nyuma? Nani kafa?"

Athanasi alifikiri ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kwa manahodha wa mwalo ule, mashua iliyo hai hulala kwa nanga moja, ya mbele, ili iugeukie upepo unapotoka, kama ng'ombe anavyogeuza kichwa malishoni. Asubuhi inatazama nchi kavu, alasiri inatazama ziwa. Inayofungwa mbele na nyuma ni mashua ya nyumba iliyofiwa. Hukaa hivyo hadi siku ya kunyoa nywele. Kuifunga namna hiyo wakati mgonjwa yumo nyumbani ni kumwita mwenye jeneza apime.

"Mzee wangu, hii ni sayansi," Athanasi alisema.

Hapo Minza, aliyekuwa amekaa juu ya kreti la soda akitazama mambo, akapaza sauti. "We fundi! Ukiifunga hiyo mashua leo, mimi napanda kitandani naanza kufa. Utanichimbia wewe?"

Ufuko mzima ukacheka.

"Nisamehe, mayu," Athanasi akasema, akiinua mikono. "Nanga moja. Nawaachia waya mrefu uliolegea, lakini maneno yangu nimeyasema." Danford naye akacheka, akabonyeza swichi, na Nzagamba ikawaka taa mchana kweupe. Watoto wakapiga makofi. Niliondoka mapema.

Lazima niseme kweli, miezi ya kiangazi ilikuwa mizuri kwao. Friji ilinguruma, soda zilitoka na jasho, Danford akawa mtu wa kusalimiwa kwanza. Minza alipenda kubebwa hadi kwenye mashua na kukaa kwenye tezi, nyuma ya mashua, pale alipokaa siku ya harusi yake, akitazama tamthilia. Mashimba alijifunza kunywa maji ya baridi, akasema yanauma meno, akaomba tena. Vile vyungu viwili wakavigeuza vya kunyweshea kuku.

Mvua zilipoanza, wageni wakakoma. Danford akafunga biashara akaenda Mwandoya kununua choroko kwa ajili ya tajiri mmoja. Alitoa soda nyingi, akaziacha chache na dawa ya mama yake, friji ikiwa imewashwa. Alimpeleka baba yake ndani, akafungua mlango wa friji, akaufunga, akaufungua tena.

"Unaona hii taa ya ndani, baba? Ukifungua ikawaka, ujue friji iko hai. Isipowaka, nipigie simu."

"Taa ikiwaka iko hai," Mashimba akarudia, kama alivyozoea kurudia maagizo ya wenye mizigo.

Basi kila alfajiri alivua viatu, akaingia majini, akapanda Nzagamba, akafungua friji. Taa iliwaka. Alichukua kichupa, akakiweka kwenye kopo la chakula, akampelekea Minza ajichome, akakirudisha kabla jua halijachomoza. Kichupa kilikuwa baridi mkononi. Lakini alfajiri ya masika kila kitu ni baridi, hata jembe. Hakwenda saa sita mchana, jua linapotoka kati ya mvua mbili na kuchemsha bati la Danford. Hakuwa na sababu ya kwenda. Na mngurumo wa friji hakuujua kuutofautisha na mvua.

Minza akaanza kuwa na kiu. Alimaliza mtungi wa maji, akaomba mwingine. Akapungua, mabega yakatoka, akawa analala mchana huku ameshika jembe la palizi mapajani. Majirani wakasema malaria. Wengine walisema uchawi wa Ukerewe aliouacha nyuma umemfuata, upuuzi tunaousema tunaposhindwa kufikiri.

Generoza alikuja kwa bodaboda, matope hadi kwenye magoti.

"Mwadila, mayu Minza. Dawa unachoma?"

"Kila siku."

"Na inakaa wapi siku hizi?"

"Kwenye friji ya Danford," Mashimba alijibu, na nadhani alijibu kwa fahari.

"Friji inafanya kazi?"

"Taa inawaka."

"Aa, basi dawa haina shida. Kuna kitu kingine." Vipimo vya sukari vilikuwa vimekwisha zahanati, basi akampima malaria, akampa dawa za maambukizi, akasema asipopata nafuu wampeleke Bariadi bila kungoja.

Angeambiwa "kwenye chungu", yule mwanamke angeinuka akaingiza mkono kwenye mchanga kuona kama ni mbichi. Nimewahi kumwona akifanya hivyo. Lakini aliambiwa friji, na neno friji likamtuliza. Lilitutuliza sote.

Walimleta Bariadi, kwa kuwa hakuna nafuu iliyokuja. Mimi nilikuwa nimekwishahamia hapa, kwa hiyo nilikuwa naenda wodini na uji. Minza alikuwa akihema kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima, na pumzi yake ilinuka matunda yaliyoiva sana. Madaktari walifanya walichoweza. Wakati mwingine alikuwa akituona, wakati mwingine hatuoni. Siku ya mwisho alimgeukia mumewe.

"Nani anaiangalia mashua?"

"Iko kwenye nanga yake."

"Hujaifunga?"

"Sijaifunga."

"Vizuri," alisema Minza. Hakusema neno jingine tulilolielewa.

Tulimzika Nyashimo. Siku ya pili ya msiba waombolezaji walikuwa wengi, na Danford, aliyefika kutoka Mwandoya usiku wa maziko na macho mekundu, akaenda mwaloni kuchukua zile soda alizoziacha. Nilimfuata nimsaidie kubeba. Alifungua friji. Taa ikawaka. Akashika chupa, akaiachia, akaishika tena. Ilikuwa ya moto. Aliweka kiganja nyuma ya friji, akakiacha pale. Kisha akachukua vichupa vya dawa ya mama yake, vile ambavyo havikuwa vimefunguliwa, akavipanga kwenye kiganja kingine, akakaa sakafuni.

Alimwita Athanasi. Fundi alikuja na pole zake, bila bisibisi sikioni. Alikwenda moja kwa moja mbele, akavuta kile kiungo chini ya ubao, akachana utepe kwa wembe. Nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika karibu zote. Zilizobaki zilikuwa nyembamba kama nywele, nyeusi kwa kuungua. Waya wote ulikuwa umejisokota kwenye kamba ya nanga, mizunguko juu ya mizunguko, asubuhi upande huu, alasiri upande ule.

"Umeme ulikuwa unafika, lakini kidogo," alisema kwa sauti ya chini. "Taa inatosheka na kidogo. Friji ni kama maksai, haiondoki kwa majani mawili. Itakuwa ilikuwa inajaribu kuwaka, inashindwa, inajaribu. Hata majuma. Nilisema kuhusu..." Akajizuia. "Poleni."

Mashimba alikuwa amesimama ufukweni, hakuna aliyemwona akija.

"Taa," Danford alisema. "Baba, mimi ndiye niliyekwambia taa. Na waya ni mimi."

"Kamba ni mimi," Mashimba alisema.

"Baba, ulikuwa unamlinda mama."

"Kamba ni mimi, nimesema."

Wakagombana pale, baba na mwana, kila mmoja akimnyang'anya mwenzake kosa, kama warithi wanaogombea shamba, hadi Athanasi akaanza kulia na ikabidi wao wambembeleze yeye.

Baada ya msiba Danford aliukata waya, akaondoa bati, meza, friji na runinga, akasugua sakafu kwa mikono yake. Alileta tanga lililokuwa darini, akalishona palipotobolewa na panya. Alimwita baba yake.

"Nzagamba iko tayari, baba. Hakuna kinachoishikilia tena. Upepo mzuri. Chukua mashua yako."

Mashimba aliitazama kwa muda mrefu. "Niende nayo wapi?" alisema, akageuka akapanda njia ya nyumbani.

Hakuikanyaga tena. Iko pale Lamadi, juu ya mchanga, mbao zimeachana na wachuuzi wanaanikia dagaa ubavuni mwake. Danford alimhamishia Bariadi, kwenye chumba cha uani, maana hakutaka mzee abaki peke yake, wala yeye mwenyewe hakutaka kubaki peke yake. Wanaishi vizuri. Hawazungumzii jambo lile. Danford akimpa chai humpa kwa mikono miwili, na mzee huipokea kwa mikono miwili, na kwa watu wa nyumba moja hiyo ni adabu nyingi mno.

Mimi humtembelea alasiri. Juzi nilishindwa kunyamaza. Nilikuwa nimepita mtaani nikaona vyungu vimepangwa vinauzwa kama mapambo ya maua, nikafika nimejaa maneno. Nikasema chungu kilimlinda Minza miaka yote ile, hakikuhitaji nguzo wala fundi, na kwamba tumetupa kila kilichotufaa kwa sababu tu hakina swichi. Nilisema mengi. Nilikuwa na haki katika yote.

Mashimba alingoja nimalize.

"Ngosha, kila anayekuja hapa ananiletea kitu cha kulaumu. Generoza alikuja, akalilia swali ambalo hakuuliza. Danford ana taa yake. Wewe umeleta chungu. Asanteni." Alikuwa anajisugua magoti. "Mimi usiku silali kwa sababu ya kikombe."

"Kikombe gani?"

"Wiki ile ya mwisho nyumbani. Aliamka akaomba maji. Nikampa. Akaomba tena, nikampa. Mara ya tatu nilikuwa nimechoka, nikamwambia, Minza, umekuwa ng'ombe? Umekunywa ya kutosha, lala. Akasema, haya. Akalala na kiu yake. Ziwa liko palepale, ngosha. Unalisikia ukiwa kitandani."

Nimesoma vitabu vingi kuliko watu wengi wa umri wangu hapa Bariadi, na kikombe hicho hakimo katika hata kimoja. Danford aliingia na chai, akampa baba yake kwa mikono miwili, akanipa na mimi, na tukanywa sote watatu bila kutazamana.